Sare ya askari kwenye televisheni: makosa hutoka wapi, na lipi lina uzito?

Mwezi Julai mwaka 2023, nchini Marekani, jozi ya buti kuukuu za kijeshi pamoja na vibati viwili vya utambulisho, vile ambavyo askari huvaa shingoni, viliuzwa mnadani kwa dola 125,000. Aliyeviuza alikuwa mwigizaji Alan Alda, ambaye alivivaa kwa miaka yote 11 aliyoigiza nafasi ya daktari wa jeshi Hawkeye Pierce katika tamthilia ya M*A*S*H, inayohusu hospitali ya kijeshi wakati wa Vita vya Korea.

Lililowashangaza wengi si bei hiyo, bali maandishi yaliyokuwa juu ya vibati hivyo. Jina la Hawkeye Pierce halikuwepo. Palikuwa na majina ya watu wawili wengine, wanajeshi halisi waliowahi kulitumikia jeshi la Marekani. Kwa mtazamaji mwenye jicho kali, hilo ni kosa la wazi: daktari amevaa shingoni majina ya watu wengine. Lakini Alda mwenyewe alieleza kwamba kila alipovivaa vibati hivyo aliwafikiria watu hao wawili, na hivyo akakumbuka kwamba vita anavyoviigiza vilipiganwa na binadamu wa kweli.

Kisa hicho kinagusa suala ambalo wapenzi wa tamthilia za vita wamebishana juu yake kwa miongo mingi. Wapo watazamaji ambao macho yao hayaendi kwenye nyuso za waigizaji, bali kwenye vifungo vya makoti, tepe za vyeo na aina ya buti. Wenzao huwaona kuwa ni wasumbufu wanaoharibu starehe ya sebuleni. Hata hivyo, watu hao wana hoja. Sare ya askari ni vazi, lakini pia ni maandishi. Anayejua kuisoma huelezwa mvaaji ni wa jeshi lipi, ni wa kikosi gani, ana cheo gani, amewahi kupigana wapi, na hata mwaka unaozungumziwa. Kwa hiyo sare ikikosewa, ni habari iliyokosewa. Linalobaki ni kupambanua kosa lipi ni la kusamehewa na lipi si la kusamehewa.

Sare ni kalenda

Mfano ulio mwepesi kuliko yote ni bendera. Tangu mwaka 1912 hadi katikati ya mwaka 1959, bendera ya Marekani ilikuwa na nyota 48, zilizopangwa katika safu sita zilizonyooka za nyota nane nane. Alaska na Hawaii zilipokubaliwa kuwa majimbo mwaka 1959, idadi iliongezeka, na tangu tarehe 4 Julai mwaka 1960 bendera hiyo ina nyota 50, ambazo safu zake hupishana. Kwa sababu hiyo, tamthilia yoyote ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia au ya Vita vya Korea inayoonyesha bendera yenye nyota 50 imekwishajifichua. Mtazamaji hahitaji hata kuzihesabu. Mpangilio wenyewe unatosha kumwambia kwamba bendera hiyo ilinunuliwa dukani baada ya vita kwisha.

Mavazi nayo hubadilika kwa mwendo huo huo. Chukua tamthilia ya Band of Brothers, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 katika sehemu 10. Inafuatilia safari ya kombania moja ya wanajeshi wa miamvuli wa Marekani, kombania ya Easy ya rejimenti ya 506 katika divisheni ya 101, kuanzia mafunzoni hadi mwisho wa vita barani Ulaya. Wanajeshi hao waliporuka juu ya Normandy, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni mwaka 1944, walivaa sare maalumu ya miamvuli ya mwaka 1942, yenye rangi ya udongo mkavu na mifuko ya kifuani iliyoshonwa kwa mshazari. Waliporuka tena, safari hii nchini Uholanzi, tarehe 17 Septemba mwaka huo huo, walikuwa wamekwishapewa sare mpya ya mwaka 1943, yenye rangi ya kijani. Kati ya safari hizo mbili ilipita miezi mitatu tu. Mbunifu wa mavazi anayechanganya sare hizo anakuwa amekosea tarehe, sawasawa na mwandishi wa historia anayekosea mwaka.

Tamthilia hiyo ilijitahidi sana katika jambo hilo. Mavazi yake yalisimamiwa na mbunifu Anna Sheppard, na mshauri wake wa kijeshi alikuwa Dale Dye, kapteni mstaafu wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyepigana Vietnam. Kabla ya kamera kuanza kufanya kazi, Dye aliwapeleka waigizaji kwenye kambi ya mafunzo ili wazoee kulala nje, kubeba silaha na kuvaa sare kama watu walioizoea. Hata alama ndogo iliyochorwa ubavuni mwa kofia ya chuma, umbo la shupaza kama la kwenye karata, haikusahauliwa, kwa kuwa ndiyo iliyoitambulisha rejimenti ya 506 miongoni mwa wenzake wa divisheni.

Usahihi, hata hivyo, hauna maana ya unadhifu. Mwezi Desemba mwaka 1944 wanajeshi hao walipelekwa kwa haraka kuulinda mji wa Bastogne, Ubelgiji, na wengi wao hawakuwa na makoti ya baridi ya kutosha. Mwigizaji aliyevaa koti zuri la kutia joto katikati ya theluji ile angepotosha kiini cha kisa chenyewe, maana upungufu wa mavazi ulikuwa sehemu ya mateso yao. Hapo, nguo isiyotosha ndiyo nguo iliyo sahihi.

Kwa nini mwendelezo huvunjika

Aina ya pili ya makosa haitokani na kutojua historia, bali na namna filamu zinavyotengenezwa. Mtazamaji huona tukio moja likifuatwa na lingine, lakini waigizaji hawakupita njia hiyo. Matukio yote yanayotokea mahali pamoja hupigwa picha kwa mkupuo, hata kama katika kisa yametenganishwa na mwaka mzima. Askari anaweza kuzikwa siku ya Jumatatu, akajeruhiwa Jumatano, na kuandikishwa jeshini Ijumaa.

Sare yake basi hulazimika kurudi nyuma na kwenda mbele pamoja naye. Ndiyo sababu vazi moja hutengenezwa katika nakala kadhaa: moja ikiwa mpya, moja yenye tope, moja iliyochanika begani, moja yenye damu. Wapo mafundi ambao kazi yao ni kuchakaza nguo tu. Huzisugua kwa msasa, huzifua mara nyingi, huzipaka rangi ya vumbi na mafuta, mpaka vazi lililotoka kiwandani wiki iliyopita lionekane limelaliwa mahandakini kwa miezi sita.

Mlinzi wa utaratibu huo ni mtu mmoja ambaye jina lake watazamaji wengi hulipita bila kulisoma: mtunza mwendelezo. Yeye huketi karibu na kamera na kuandika kila kitu. Kofia ilikuwa imeinamia upande gani? Kifungo cha juu kilikuwa wazi au kimefungwa? Bunduki ilining'inia bega la kulia au la kushoto? Sigara ilikuwa imebaki urefu gani? Zamani alitumia picha za papo kwa papo zilizobandikwa kwenye daftari. Siku hizi hutumia kamera za dijitali. Pamoja na hayo, tukio moja huweza kurudiwa mara 10 au zaidi, kisha mhariri huchagua kipande kizuri kutoka kila mara. Ikiwa kipande kilichobeba machozi ya kweli kina kifungo kilicho wazi, na kile chenye kifungo kilichofungwa hakina machozi, wahariri wengi huchagua machozi. Kosa hilo hujulikana chumbani mwa mhariri kabla halijajulikana sebuleni.

Ugumu huongezeka tamthilia inapoendelea kwa miaka mingi. Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni mwaka 1950 na kusimamishwa tarehe 27 Julai mwaka 1953, yaani miaka mitatu na mwezi mmoja. M*A*S*H ilionyeshwa kuanzia Septemba mwaka 1972 hadi Februari mwaka 1983, vipindi 251 kwa jumla. Madaktari wake wakazeeka miaka 11 katika vita vya miaka mitatu, na kalenda ikashindwa kustahimili. Kanali Potter anawasili hospitalini hapo mwezi Septemba mwaka 1952. Lakini miaka kadhaa baadaye kipindi kingine kinaanza mkesha wa mwaka mpya wa 1951, na Kanali Potter yupo, tena ndiye mkuu. Hawkeye naye, katika vipindi vya mwanzo, anawasalimia mama na dada yake kwa barua. Baadaye anakuwa mtoto wa pekee aliyefiwa na mama yake tangu utotoni. Nywele za waigizaji nazo ni za miaka ya 1970, ndefu kuliko ambavyo jeshi la miaka ya 1950 lingeruhusu.

Watazamaji hawakuiadhibu tamthilia hiyo. Kipindi chake cha mwisho kilitazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100. Wengi walifahamu kwamba M*A*S*H ilianza kuonyeshwa wakati Marekani ingali imo vitani Vietnam, na kwamba nywele zile ndefu zilikuwa zinazungumzia vita vingine.

Je, makosa hufanywa kwa makusudi?

Kuna uvumi uliodumu kwa muda mrefu, hususan Marekani, kwamba sheria inakataza mwigizaji kuvaa sare kamili ya jeshi, na kwamba ndiyo sababu watengenezaji huibandika beji mahali pasipo pake kwa makusudi. Uvumi huo hauna msingi. Ni kweli kwamba sheria ya Marekani inazuia raia kuvaa sare za jeshi, lakini inamruhusu mwigizaji kuivaa jukwaani au katika filamu. Zamani ruhusa hiyo ilikuwa na sharti: uigizaji wenyewe usilivunjie jeshi heshima.

Sharti hilo liliondolewa kwa njia ya mahakama. Mwezi Desemba mwaka 1967 kijana mmoja, Daniel Schacht, alishiriki mchezo mfupi wa barabarani mjini Houston kupinga Vita vya Vietnam, akiwa amevaa sare ya jeshi. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya dola 250. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo, ikieleza kwamba sheria haiwezi kumruhusu mwigizaji kuvaa sare anapolisifu jeshi na kumfunga anapolikosoa.

Uingereza inayo sheria yake ya mwaka 1894, ambayo nayo huzuia raia kuvaa sare za jeshi lakini hutoa nafasi kwa michezo ya jukwaani. Ujerumani inapiga marufuku alama za Kinazi, ila inaziruhusu katika kazi za sanaa na za elimu ya historia. Katika baadhi ya nchi za Afrika jambo hili limechukua sura ya kisiasa. Mwezi Septemba mwaka 2019 Uganda ilitangaza katika gazeti rasmi la serikali kuwa bereti nyekundu, iliyokuwa ikivaliwa na wafuasi wa upinzani, ni vazi la kijeshi. Mifano hiyo inaonyesha kwamba serikali nazo zinaichukulia sare kuwa ni lugha. Lakini kosa la kwenye televisheni, mara nyingi, chanzo chake ni bajeti ndogo, muda mfupi au kutojua.

Lionekanalo kuwa kosa

Msikilizaji mwenye kupenda kusahihisha anapaswa pia kujihadhari, kwani vita vyenyewe havifuati kanuni za mavazi. Tamthilia ya Generation Kill ya mwaka 2008, ambayo ilipigwa picha katika nchi za kusini mwa Afrika, inawaonyesha wanamaji wa Marekani wakiivamia Iraq mwaka 2003. Katikati ya jangwa la rangi ya mchanga wanaonekana wamevaa mavazi ya kujikinga na silaha za kemikali yenye mabaka ya kijani, mavazi ya msituni. Mtazamaji anaweza kudhani mbunifu amelala usingizi. La, ndivyo ilivyokuwa. Jeshi lenyewe ndilo lililowapeleka askari wake jangwani wakiwa na mavazi ya msituni.

Afrika Mashariki ina mfano wake, wa zamani zaidi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, mtengenezaji wa tamthilia akiwavisha askari wa Kijerumani wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck sare za Kireno mwaka 1914, atakuwa amekosea. Akiwavisha hivyo Desemba mwaka 1917, atakuwa amesema kweli. Tarehe 25 Novemba mwaka 1917 jeshi hilo, likiwa limechakaa na kuishiwa risasi, lilivuka mto Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno huko Ngomano, Msumbiji. Likachukua bunduki, risasi, chakula na mavazi, na kuendelea na vita kwa mali ya adui. Sare za wakati huo zingeelezea njaa na uchovu wa jeshi hilo kuliko hotuba yoyote.

Na hapo ndipo unapojitokeza upungufu mwingine, ambao wawindaji wa vifungo hawauoni kwa urahisi. Askari wa pande zote mbili, wakiwemo wale wa kikosi cha Waingereza kilichojulikana kama Keya, walifuatwa na wapagazi wengi mno, waliobeba chakula na risasi kichwani kwa sababu ndorobo iliua wanyama wa mizigo. Waliokufa miongoni mwao kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko askari. Jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza limebaki katika mitaa ya Kariakoo. Tamthilia inaweza kukipatia kila kifungo cha askari, na bado ikavikosea vita vile, ikiwa nyuma ya askari hakuna mpagazi hata mmoja.

Utepe usiokuwepo

Wakati mwingine sare husema kwa kunyamaza. Dad's Army, tamthilia ya vichekesho ya Uingereza iliyoonyeshwa kati ya mwaka 1968 na 1977, inahusu wazee wa mgambo waliokusanywa kulinda mji wao mdogo wa pwani dhidi ya uvamizi wa Wajerumani. Mwanzoni wanavaa nguo zao za kawaida na kitambaa mkononi, kama ilivyokuwa kweli katikati ya mwaka 1940. Sare huja baadaye. Wengine wana tepe za nishani kifuani. Mzee Godfrey, mpole kuliko wote, hana.

Katika kipindi kimoja cha mwaka 1969, wenzake wanagundua kwamba katika vita vya kwanza Godfrey alikataa kuua kwa sababu ya dhamiri yake, na wanaanza kumtenga. Kisha mkuu wake anaona picha yake ya ujanani ikiwa na nishani ya ushujaa: alikuwa mhudumu wa majeruhi, naye aliwaokoa watu chini ya mvua ya risasi huko Somme. Hakuwahi kuivaa nishani hiyo kwa kuwa aliona ni majivuno. Mwigizaji wa nafasi hiyo, Arnold Ridley, alikuwa yeye mwenyewe amejeruhiwa vibaya huko Somme mwaka 1916. Kisa hicho hakieleweki bila kifua kilichoachwa kitupu. Mtu wa mavazi angekibandika utepe kwa bahati mbaya, angekuwa amekiharibu kipindi chote.

Kosa lililomzika mtu mapema

Linganisha na kosa ambalo halikuhusu nguo hata kidogo. Sehemu ya tatu ya Band of Brothers, tamthilia ile ile iliyosifiwa kwa usahihi wa sare zake, inamfuata askari Albert Blithe, kijana anayeshindwa na hofu kisha anayepata ujasiri na kupigwa risasi. Mwishoni, maandishi kwenye kioo yanawaarifu watazamaji kwamba Blithe hakupona majeraha yake na kwamba alifariki mwaka 1948.

Haikuwa kweli. Blithe alipona, akabaki jeshini, akatumikia katika Vita vya Korea, na alifariki mwezi Desemba mwaka 1967 nchini Ujerumani, angali mwanajeshi. Wenzake wa zamani walikuwa wamepoteza habari zake na kuamini kwamba alikufa, na waandishi wakaipokea imani hiyo bila kuilinganisha na kumbukumbu za jeshi. Familia yake ilikuwepo na ilijua. Sentensi moja fupi iliwafutia karibu miaka 20 ya maisha ya mtu wao.

Hapa ndipo mizani inapokaa sawa. Kwa upande mmoja, kuna tamthilia iliyotafuta mifuko ya mshazari na alama ya shupaza, ikayapata yote, halafu ikamzika mtu aliyekuwa hai. Kwa upande mwingine, kuna tamthilia iliyochanganya miaka yake na kuwaachia waigizaji nywele ndefu, lakini mhusika wake mkuu alibeba shingoni majina ya askari wawili wa kweli kwa miaka 11.

Haifuati kwamba vifungo havina maana. Aliyezoea kuuliza kifungo hiki ni cha mwaka gani, ndiye pia anayeweza kuuliza mtu huyu alikufa mwaka gani. Udadisi huo ni mmoja. Tofauti ni kwamba bendera yenye nyota mbili za ziada inaweza kusahihishwa na mtazamaji yeyote aliyeketi sebuleni, ilhali maisha ya askari asiyekuwepo tena yanamtegemea anayeyasimulia. Msikilizaji atakapoitazama tamthilia nyingine ya vita, na atazame buti na tepe kwa makini kama apendavyo. Kisha aulize pia ni nani aliyezivaa.